Nilipika Maua, Wakasema Ndiyo Sababu

Vijana wangu, wajukuu wa ukoo, mkija hapa kwangu Ndhiwa huwa mnasimama kwanza langoni mkipiga picha, halafu mnaniuliza mimi bibi yenu, "Dani, haya maua yote ni ya kuuza?" Nikiwaambia kwamba mengi ni ya kula, mnatazamana na kucheka. Siku hizi mmoja wenu hakosi kusema ameona kwenye simu keki iliyopambwa kwa maua huko Nairobi, kwa hiyo anadhani bibi yake naye ameanza mambo ya simu. Sijaanza juzi mimi. Maua niliyapika kwa kazi, na karibu yanivunjie nyumba. Kaeni niwaambie. Mwenye haraka amenye njugu huku akisikiliza.

Miaka ya tisini mwanzoni niliajiriwa kwenye nyumba ya wageni ya kanisa pale Homa Bay, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Sikuajiriwa kupika. Niliajiriwa kumwagilia bustani na kufagia njia. Wageni wetu walikuwa mapadre, maafisa wa serikali waliokuja kukagua hili na lile, na wazungu waliokuja kuwapima samaki urefu. Jikoni alikuwa Mama Boke, Mkuria wa upande wa Isebania, mama mpana mwenye mwendo wa polepole na ulimi wa haraka. Yeye hakujua Dholuo, mimi sikujua Kikuria, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili, kila mtu na chake. Mimi shamba niliita samba. Yeye herufi ya l ilimshinda kabisa, wageni aliwaonyesha "mahari pa kurara." Tulichekana mpaka tukazoeana.

Wiki yangu ya kwanza aliniita dirishani. "Binti, niretee maua ya maboga, bakuri moja."

Nikachuma, nikayapanga vizuri kwenye chupa yenye maji, nikampelekea. Akaitazama ile chupa, akanitazama mimi.

"Nimesema nataka maua. Sijasema nataka harusi."

Akayatoa yale maua kwenye maji, akayakung'uta moja moja ili wadudu watoke, akayafungua kwa kidole gumba na kung'oa kile kijiti cha katikati chenye unga wa njano. Akakoroga unga wa ngano na yai, chumvi na maji kidogo, uwe mwepesi wa kutiririka kwenye kijiko. Akachovya ua, akalitia kwenye mafuta ya moto, likavimba, likageuka dhahabu. Akanipa. Nililila nimesimama, nikaungua ulimi, nikaomba lingine.

Mnaona hicho kijiti cha katikati? Kikibaki, ua huwa chungu nyuma ya koo, na mgeni atasema mpishi ni mbaya wakati ni uvivu wa mchumaji tu. Ndilo somo langu la kwanza.

La pili lilikuja kwa hasara. Nilipoona wageni wanayapenda, nikawa nachuma kila ua lililofunguka. Mama Boke alikuwa ameenda kwao kumzika ndugu yake. Aliporudi mashamba yetu ya maboga yalikuwa majani matupu, mazuri, ya kijani, bila boga hata la kuonja. Hakunikemea. Alinishika mkono akanipeleka kwenye tambazi la boga, lile shina linalotambaa, lililokuwa bado linatoa maua ya mwisho, akaniinamisha.

"Hiri rina mguu mrefu na mwembamba. Hakuna kitu chini yake. Hiri ni dume. Hiri ringine, angaria hapa kwa shingo, rina kiboga kidogo kama kishanga. Hiri ni jike. Wewe umekura wanawake wote wa samba."

Hilo neno la shamba aliliiga kwangu, akacheka mwenyewe, nami nikacheka nikiwa na aibu. Tangu hapo nilichuma madume tu, na hata madume sikuyamaliza; niliacha kadhaa kila sehemu ili nyuki wapate unga wa kubeba. Nilichuma asubuhi na mapema umande ukiwepo, kwa sababu ua la boga hufunguka kukipambazuka na jua likipanda linajifunga, na likishajifunga halifunguki tena. Ukilichuma mchana unachuma kitambaa kilicholowa.

Mama Boke alinifundisha mengine mengi pale. Maua ya mito, mboga yetu ya kienyeji, yale ya njano, tuliyapika pamoja na majani yake na maziwa, hatukuyatenga. Ua la mgomba tulilivua magamba ya nje mpaka tukafika kwenye moyo mweupe, tukalikata na kulichemsha na chumvi, maji ya kwanza tukamwaga. Waridi tulikata ile sehemu nyeupe iliyo chini ya petali, maana hapo ndipo uchungu unapokaa, kisha tukachemsha petali na sukari hadi ziwe kama asali nyekundu ya kupaka mkate wa mapadre. Kulikuwa na ua moja la rangi ya machungwa, majani yake mviringo, likitambaa kwenye mawe. Linawasha ulimi kama pilipili. Tuliliita pilipili ya bustani, na mpaka leo sijui jina lake la vitabuni. Tulilikatia juu ya samaki aliyekwisha kuiva, likiwa bichi vile vile, moto ukiligusa ladha inakwenda.

Lakini alinionyesha na uzio wa maua ya rangi ya waridi yasiyo waridi, yenye majani membamba kama visu, na ule mti wa maua meupe yanayoning'inia kama tarumbeta. "Haya ni ya macho peke yake," alisema. "Ukikata haya, nawa mikono kabra hujagusa hata kikombe." Nawaambia nanyi. Uzuri wa ua hausemi lolote kuhusu tumbo. Ua usilolijua kwa jina na kwa mtu aliyewahi kulila, liache. Ua la dukani lililopuliziwa dawa, liache. La kando ya barabara, liache. Siwatishi, nataka mzeeke.

Pale Homa Bay ndipo nilipoishi na Ochieng', mume wangu. Yeye alitengeneza injini za boti pale ufuoni. Miaka ile magugu maji yaliingia ziwani, yakafunika maji mpaka ukadhani unaweza kutembea juu yake kwenda Rusinga. Yalijisokota kwenye mapanga ya injini, na Ochieng' alishinda kutwa akiyakata kwa kisu, akirudi nyumbani mikono imechanika. Nami, kwa ujinga wangu, nilivutiwa na maua yake ya zambarau. Siku moja niliyaweka kwenye glasi mezani. Ochieng' aliketi kula, akayaona, akaweka kijiko chini.

"Nyar Karungu," akaniita, yaani binti wa Karungu, kwani kwetu mke huitwa kwa mahali alikozaliwa, "siku nzima nimepigana na huyu mtu. Leo umemkaribisha chakula cha jioni?"

Nikayatupa. Tukacheka. Tulikuwa watu wa kucheka, sisi wawili, na ilitufaa, kwa sababu hatukuwa na mtoto.

Hapo sasa ndipo nilipotaka kufika.

Tulikuwa tumekaa kwenye ndoa muda wa kutosha kwa watu kuanza kuhesabu. Mama yake Ochieng', Mama Dorsila, aliishi hapa hapa Ndhiwa mnapokaa. Alikuwa mkulima wa kweli, Msabato asiyekosa kanisa, mwanamke ambaye maboga yake yalijulikana sokoni. Hakuwa mkali kwangu. Alikuwa anangoja tu, na kungoja kwake kulikuwa kunanichosha kuliko ukali.

Siku moja alikuja Homa Bay kuonyesha macho hospitali, nikampitisha kazini kwangu apumzike. Mama Boke alifurahi kupita kiasi. Alimwekea kiti kivulini, akamletea chai na sahani ya vile vitu vya dhahabu. Mama Dorsila akala kimoja, akatikisa kichwa kwa kusifu, akachukua cha pili.

"Hii ni samaki gani?" akauliza.

"Si samaki, mama," Mama Boke akamjibu kwa fahari. "Ni maua ya maboga. Binti yako ndiye fundi wake. Kira siku anachuma, kira siku anakura."

Mama Dorsila aliacha kutafuna. Alikuwa na heshima, hakutema mbele ya watu, alimeza. Kisha akakirudisha kile cha pili pembeni mwa sahani, taratibu, na akafuta vidole kwenye leso yake.

"Kila siku," akasema.

"Ni madume tu, Mama," nikaanza kueleza, "yale ya..."

"Nimesikia, mwanangu."

Aliporudi Ndhiwa sijui alisema nini kwa nani. Mimi nadhani alisema neno moja tu, kwa huzuni, kwa rafiki mmoja. Lakini neno lilifika kwenye kinu cha kusaga mahindi, na kutoka hapo lilitembea lenyewe. Mke wa Ochieng' anakula maua. Ua ni mtoto wa mmea ambaye hajazaliwa. Yeye anawala kabla hawajazaliwa, mnashangaa nini tumbo lake likiwa hivyo? Nilikuja kulisikia nikiwa Homa Bay, kutoka kwa mwanamke aliyeleta dagaa, ambaye alinisimulia habari zangu bila kujua kwamba ni mimi.

Nilimlipa dagaa wake, nikaenda kukaa nyuma ya tangi la maji. Sitaki kuwadanganya kwamba nilijua ni upuuzi. Nilikuwa najua maboga, lakini mwili wangu sikuujua. Nililia nikijiuliza kama ni kweli.

Haikupita muda mrefu, baba mdogo wa Ochieng', Mzee Okumu, akaja ufuoni kumwona. Ochieng' alinipa habari jioni ile akiwa anafuta spana ambayo tayari ilikuwa safi.

"Wamepata msichana upande wa Rongo," alisema. "Familia nzuri, wanasema."

"Na wewe umesema nini?"

"Nimewaomba wangoje mavuno." Akaendelea kufuta. "Mama anataka ukae naye msimu huu. Uache hilo jiko. Labda akikuona karibu moyo wake utatulia."

"Na wa kwako umetulia?"

Aligeuza spana, akaanza kufuta upande wa pili. Sikumkasirikia. Mtu mwenye ukoo mgongoni huwa hana sauti yake mwenyewe siku zote, na yeye alikuwa kijana bado. Lakini nililala nikiwa nimempa kisogo.

Mama Boke nilipomuaga alikuwa anachambua mchele. Hakusimama. Alijua sahani yake ndiyo iliyoanzisha mambo, na sura yake ilikuwa imeshuka.

"Ningenyamaza," akasema. "Ningesema ni samaki."

"Ungesema ni samaki ungekuwa umedanganya."

"Ndio. Na wewe ungekuwa kazini." Akainuka, akaenda kabatini, akanirudia na mbegu zilizofungwa kwenye kitambaa. "Nenda. Umuheshimu mama wa watu. Rakini usijifiche kama mwizi, hukuiba kitu."

Nikaja Ndhiwa mvua za masika zikianza. Mama Dorsila alinipokea vizuri. Alinipa jembe, akanionyesha sehemu yangu, tukalima pamoja. Jikoni alipika yeye. Mboga tulichuma majani, na mimi sikugusa ua hata moja, na kila tulipopita kando ya maboga yake niliona macho yake yakishuka kwenye mikono yangu.

Sasa, mwaka ule mvua ilikuwa na tabia mbaya. Kwa kawaida hapa kwetu inanyesha alasiri. Mwaka ule ilinyesha alfajiri, ikaendelea mpaka jua limepanda. Mahindi yaliipenda. Maboga yalitoa maua mengi ajabu, na viboga vidogo chini yake, ukaona kabisa mwaka huu ni wa kula na kusaza. Kisha viboga vile vikaanza kugeuka njano. Unaamka unakuta vimelegea, ukivigusa vinadondoka. Tambazi moja, tambazi la pili, shamba zima.

Jirani mmoja alisimama kwenye uzio akatazama, akamwambia mama yake Ochieng' kwa sauti ya kutosha kunifikia, "Hata maboga sasa, Min Ochieng'? Na wewe hukuwahi kukosa maboga."

Mama Dorsila aliokota kiboga kimoja. Aliingia nyumbani. Nikamfuata mpaka mlangoni, nikamkuta amekaa kwenye kigoda na kiboga kilichooza mkononi.

"Mama," nikamwambia, "sijagusa ua hata moja tangu nije."

"Najua. Nimekuwa nakuchunga." Alisema hivyo waziwazi, bila aibu wala chuki. "Ndiyo maana sielewi."

"Mimi naelewa. Mama, umeona nyuki?"

Akafikiri. Mkulima wa kweli ukimuuliza swali la shamba husahau ugomvi. "Sijawaona," akasema. "Na mvua hii ya asubuhi watatokaje?"

"Hawatoki. Wanapotoka maua yamekwisha kufumba. Nipe ruhusa niguse maua yako. Nikiharibu, nitafunga mizigo yangu mwenyewe, hutahitaji kuniambia."

Aliweka kile kiboga chini. Kisha akasema, "Tutakwenda wote. Na mashina yale ya upande wa choo usiyaguse. Yabaki kama yalivyo, nione."

Mimi nisingefikiria hilo. Ni yeye, mama ambaye hakusoma hata darasa moja, aliyetaka kuona pande mbili kabla ya kuamini. Mimi nilikuwa na kiherehere cha kuokoa yote.

Asubuhi tukatoka na magunia kichwani kujikinga na mvua. Nikachuma ua dume, nikalivua petali zote zikabaki mkononi, kikasalia kile kijiti chenye unga wa njano. Nikatafuta jike lililofunguka, nikalipangusa ndani taratibu kwa kile kijiti, kama mtu anayempaka mtoto mafuta sikioni. Kisha nikalifunika jike kwa jani lililokunjwa ili mvua isiukoshe unga. Dume moja likahudumia majike mawili, mara nyingine matatu. Mama Dorsila alisimama nyuma yangu, sauti yake nikiisikia chini ya gunia.

"Haya ya mguu mrefu mimi huita maua ya bure. Hayajawahi kunipa kitu."

"Hayakupi boga, Mama. Lakini bila hayo hakuna boga."

Tukafanya hivyo kila asubuhi. Siku za mwanzo alitazama. Halafu akanyoosha mkono bila kuniangalia, nikamwekea dume kiganjani, akaanza upande wake. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu. Siku ya Sabato alikaa nyumbani na mimi pia nikakaa; maua ya siku hiyo yakapotea, akasema ya Mungu ni ya Mungu.

Viboga vikashika. Kwanza unaona shingo inanenepa, halafu ngozi inang'aa, halafu asubuhi moja kimekuwa kama ngumi na huwezi tena kukidondosha hata ukikitikisa. Mashina ya upande wa choo yaliendelea kumwaga viboga vya njano chini.

Petali nilizovua nilizikusanya kwenye beseni, sikuwa na nia yoyote, ilikuwa tabia ya kazi tu. Siku moja Mama Dorsila alilitazama beseni lile, akaniuliza, "Na hizi mnazila? Baada ya kazi yake kwisha?"

"Hizi ndizo tunazokula, Mama. Ndizo tulizokuwa tunakula siku zote."

Nilidhani mazungumzo yamekwisha. Tukaenda mpaka upande wa choo. Akainama akaokota kiboga kilichodondoka, akakikata kwa kucha, akaangalia ndani.

"Hiki hakikuwa na ubaya," akasema.

"Hapana, Mama."

"Jike lilikuwa zima. Tambazi zima, udongo mzuri." Alikuwa haongei nami sasa. "Lilikosa tu kuletewa."

Akakitupa, akajifuta mikono kwenye kanga, akaniangalia usoni. Sijui kama aliwahi kuniangalia hivyo kabla ya siku hiyo.

"Nyar Karungu. Mwanangu amewahi kupimwa?"

Mimi nilikuwa nimepimwa, Homa Bay, zaidi ya mara moja. Dokta hakuona tatizo. Lakini yeye hakuna aliyemtaja. Nyinyi leo mnasema mambo haya kwenye redio. Wakati ule neno hilo kwa mwanamume lilikuwa tusi.

Mzee Okumu alikuja mwishoni mwa wiki pamoja na Ochieng' kuongea habari za Rongo. Mimi nilikuwa jikoni, lakini jikoni kwetu na sebule vilitenganishwa na mkeka tu, na Mama Dorsila hakushusha sauti. Alimwacha shemeji yake aongee mpaka akamaliza. Kisha akamwuliza Ochieng' lile lile aliloniuliza mimi.

"Apimwe nini?" Mzee Okumu akadakia. "Mwanamume anapimwa nini, shemeji?"

"Wewe hujui hata boga linavyozaa," Mama Dorsila akamwambia, "kaa kwanza." Kisha kwa mwanawe, kwa sauti nyingine kabisa: "Baba, siwezi kumleta mtoto wa watu mwingine hapa aje akae angoje kama huyu alivyongoja. Nenda kwanza. Ukirudi na maneno yoyote, hapa ni kwenu."

Ochieng' alitoka nje. Nilisikia mlango. Alirudi Homa Bay siku hiyo hiyo bila kuniaga, nikadhani nimempoteza.

Nitawaambia jambo moja hapa kabla sijamaliza. Watu wengi wakinisikia wanadhani namsifu mama mkwe kwa kunitetea. Sivyo. Kunitetea ni rahisi mtu akishakupenda, na yeye wakati ule hakuwa amenipenda. Aliona kitu shambani, akakifuata mpaka kikamfikisha kwenye mlango wa mtoto wake mwenyewe, na hakugeuka. Nimefanya kazi na wapishi wengi tangu hapo. Nilirudi jikoni kwa Mama Boke, nikamrithi alipostaafu, baadaye nikapika Migori mjini mpaka magoti yakakataa. Kila niliyemfundisha niliweza kumwonyesha jinsi ya kukata waridi. Kuangalia kitu mpaka mwisho hata kama mwisho wake utakuumiza, hilo sijaweza kumfundisha mtu yeyote. Nawaambia tu kwamba nililiona.

Ochieng' alirudi baada ya muda, saa ya mchana jua likiwa kali, kwa miguu kutoka barabara kuu. Mimi na mama yake tulikuwa barazani tunachambua mboga. Alisimama mbele yetu na kofia mkononi kama mgeni.

"Ni mimi, Mama," akasema.

Hakuhitaji kuongeza neno. Mama Dorsila aliweka ungo chini. Nilifikiri atalia, au ataomba, au atapiga kelele kwa Mungu wake. Aliinuka akaenda jikoni, na mimi nikabaki na mume wangu tukitazamana, yeye akiwa na uso ambao sikuwahi kuuona, uso wa mtu anayengoja hukumu. Nikavuta kigoda, nikakipangusa vumbi kwa mkono wangu, nikamwekea. Akakaa.

Mama alirudi na ugali na sufuria. Ndani mlikuwa na zile petali za asubuhi, amezipika kwa maziwa na samli, pamoja na majani machanga ya boga. Hakuniuliza jinsi ya kuzipika, na chumvi ilikuwa nyingi. Akampakulia mwanawe kwanza, kisha mimi, kisha yeye mwenyewe. Tulikula watatu kwenye baraza, mchana, mahali ambapo kila apitaye njiani angeweza kuona tunachokula. Habari za Rongo hazikutajwa tena katika nyumba ile, wala siku ile wala baadaye.

Kesho yake mvua haikunyesha. Nilipofika shambani nilimkuta Ochieng' ametangulia, miguu mitupu, suruali imelowa umande hadi magotini. Alikuwa amesimama katikati ya maboga, hajui aguse wapi.

"Nionyeshe," akasema.

Nikamwonyesha lenye mguu mrefu na lenye kishanga shingoni. Dume la kwanza alilipasua, kwa sababu vidole vyake vilizoea kufungua vyuma. La pili pia. La tatu alilivua petali moja moja huku ameshika pumzi, akainama juu ya jike, akalipangusa taratibu sana, kisha akakunja jani akalifunika ingawa hapakuwa na mvua.

"Hivi?"

"Hivyo."

Nyuki wawili watatu walikuwa wameanza kuja. Tungeweza kuwaachia. Lakini yeye alisogea kwenye shina lililofuata, na mimi nikasogea naye, tukaenda hivyo mstari kwa mstari mpaka jua likapanda na maua yakaanza kufumba.